Uzito Ulio Wako: Wanawake na Vyuma Hapa Malindi

Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na dumu lenyewe huongeza karibu kilo moja. Mfereji ukikauka, mama wa Maweni au Muyeye hulijaza, akaliinua kutoka chini, akajitwika, akaenda nalo mpaka nyumbani, kisha akarudia safari. Mama huyohuyo akiingia jimu siku ya kwanza hupewa dambeli (vyuma vifupi vya mkono mmoja) mbili za kilo 2 na kuonyeshwa pembe iliyo karibu na kioo. Hakuna anayemuuliza amezoea kubeba nini.

Hapo ndipo mitazamo ya jimu inapomdhuru mwanamke zaidi. Maneno yapo, macho yapo, na nitayaeleza. Lakini kinachompotezea miezi, hata mwaka, ni kupewa uzito usio wake: mwepesi mno hata mwili usione haja ya kubadilika, au mzito wa ghafla kwa sababu kuna mtu anataka kumjaribu. Mwanamke anayejua uzito wake wa leo na wa wiki ijayo ni vigumu kumyumbisha, na hilo hujifunzwa kama linavyojifunzwa jambo jingine lolote.

Usilipe ada ya mwezi kabla ya kuiona jimu saa ileile utakayokuwa ukija. Mahali palipo shwari saa nne asubuhi huwa pengine kabisa baada ya magharibi, watu wakishatoka kazini. Kaa dakika 20 utazame. Je, kuna mwanamke anayegusa vyuma, au wote wako kwenye mashine za kukimbilia? Je, wanaotumia vyuma huvirudisha? Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sahani, yale maduara ya uzito, za kilo 20 zikiachwa kwenye chuma kirefu kinachoshikwa kwa mikono miwili, mgeni hulazimika kuomba kutolewa mzigo kila anapotaka kuanza, na mazungumzo asiyoyataka huanzia hapo.

Kisha kagua vyuma vyenyewe. Mji wetu uko kando ya bahari, na hewa ya chumvi hula kila kisichopakwa mafuta. Kwenye mashine ya kuvutia, tazama waya pale unapopinda kwenye kapi. Ukiona nyuzi zilizokatika zimesimama kama miiba, usiiguse: waya wa namna hiyo hukatika ukiwa umeshika mzigo, na kishikio hurudi usoni kwa nguvu zako mwenyewe. Tikisa benchi kwa mikono miwili. Skrubu iliyoliwa na kutu huonekana nzima mpaka siku inapoachia. Chuma kirefu kiviringishe sakafuni bila sahani: kikienda kikiyumbayumba, kimepinda, na kitakuzunguka mkononi katikati ya zoezi.

Halafu kipime. Chuma cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na unene wa milimita 28. Cha wanawake kina kilo 15 na milimita 25, kwa ajili ya kiganja kidogo. Katika jimu za mitaani utakuta vyuma visivyo vya huku wala huko, vingine vimekatwa na fundi wa kuchomelea, na mwenye jimu mwenyewe hajui vina kilo ngapi. Utaambiwa "hiki kitupu, hakina kitu," nacho huenda kina kilo 12. Njia ya kukipima ni rahisi: panda kwenye mizani ya kupimia mwili mikono mitupu, kisha panda tena umekishika, toa ya kwanza kwenye ya pili. Andika. Asiyehesabu uzito wa chuma anaweza kudhani anainua kilo 10 kumbe ni 22, kisha akajilaumu kwa uchovu wake.

Jambo linalofuata ndilo ningeomba kila mwanamke alishike, kwa sababu ndilo linalowatoa wengi jimu bila wao kujua sababu. Mara nyingi sahani ndogo kabisa iliyopo ni ya kilo 2.5. Ukiweka moja kila upande, umeongeza kilo 5. Kwa mwanamume anayesukuma kilo 80 kifuani, hiyo ni nyongeza ya asilimia 6 tu. Kwa mwanamke anayesukuma kilo 15 juu ya kichwa, ni thuluthi ya mzigo wake wote, imewekwa kwa siku moja. Atashindwa, bila shaka atashindwa, na aliye karibu atasema wanawake hawana mikono. Mikono anayo. Ngazi aliyopewa imekosa vidato.

Vidato vyako vishone mwenyewe. Chukua kitambaa cha marekani, shona vifuko vinne vidogo kwa mishono miwili, tia kila kimoja mchanga mkavu wa ujenzi nusu kilo, ambao ni kama mililita 300 hivi, yaani bilauri moja. Usikisie: mpelekee muuza duka akupimie kwenye mizani yake ya sukari. Kila kifuko kiwe na kamba mbili, ukifunge kikaze kabisa kando ya sahani. Kikining'inia kitapembea, na chuma kitakuvuta upande. Kifuko kimoja kila upande ni nyongeza ya kilo 1, viwili ni kilo 2. Kwa mazoezi ya mikono na mabega, panda kwa kilo 1. Kwa miguu na mgongo, kilo 2 hadi 5 mwanzoni ni sawa, kwa kuwa misuli ya huko ni mikubwa. Mchanga uliolowa usiutumie. Uzito wake hubadilika ukikauka, na ule wa ufukweni una chumvi itakayotia kutu chuma cha watu.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mwenye watoto wadogo afanye mbili: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano hupangika vizuri na huiacha Ijumaa huru. Kila siku fanya mambo manne au matano: kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na mwisho kubeba mzigo na kutembea nao. Seti tatu za marudio 8, yaani urudie zoezi mara 8, upumzike, na ufanye hivyo mara tatu, pumziko la dakika 2 kati ya seti na seti. Dakika mbili kwa saa, maana anayeona haya ya kukaa tu hupumzika nusu dakika, na seti ya tatu ikamshinda kwa kukosa pumzi wakati misuli yake bado ina nguvu.

Utajuaje uzito ulio wako? Ukimaliza rudio la nane, ujione ungeweza mawili zaidi kwa umbo lilelile zuri, si zaidi. Ukiona ungeweza matano, mzigo ni mwepesi hata kama umechaguliwa na mwalimu. Ukiwa la sita tayari mgongo unapinda, ni mzito hata kama shoga yako anaubeba. Ukifika marudio 10 katika seti zote tatu, ongeza kidato kimoja, rudi 8. Ukishindwa mara mbili mfululizo kwenye uzito uleule, punguza sehemu ya kumi na uanze kupanda upya. Wiki nne hadi sita za mwanzo nguvu huongezeka upesi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Mwili kubadilika kwa macho huchukua wiki 8 hadi 12. Usitishwe na mizani ikipanda kilo moja au mbili mwanzoni, misuli inayofanya kazi huhifadhi maji. Tumia futi ya fundi cherehani, upime kiuno kitovuni, mara moja kwa wiki mbili.

Sasa kuchuchumaa. Aliyekulia juu ya mbuzi akikuna nazi ana neema hapa, kwa kuwa nyonga na vifundo vyake vimezoea kwenda chini. Anza na dambeli moja ya kilo 6 au 8, iliyosimamishwa wima kifuani, viganja viwili chini ya kichwa chake. Miguu iwe wazi kidogo kuliko nyonga, vidole vimeelekea nje kiasi. Weka nyuma benchi la sentimita 40 hadi 45, uliguse na kuinuka, usijibwage. Visigino vikiinuka, weka chini yake sahani nyembamba mbili za kilo 2.5, na uendelee kunyoosha vifundo nyumbani. Magoti yakikutana kama yanasalimiana, mzigo umezidi: upunguze, uyasukume kuelekea vidole vidogo vya miguu. Kifua kikianguka mbele, dambeli imetoka mbali na mwili. Ukiweza seti tatu za marudio 12 kwa kilo 12, uko tayari kuweka chuma kirefu mabegani.

Kuinua kutoka chini, wengine huita dedilifti, ndilo zoezi lenye faida kubwa kwa mwanamke, na ndilo linalofundishwa vibaya zaidi, kwa sababu ya kipimo ambacho wachache wanakifahamu. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni, katikati ya muundi. Anayeanza na sahani ndogo za kilo 5 hukuta chuma kimelala karibu na vifundo vya miguu. Ili kukifikia lazima auvunje mgongo, kisha huambiwa zoezi hili ni hatari kwa wanawake. Kiweke chuma juu zaidi kwanza. Tia vipande viwili vya mbao nzito, au sahani za mpira zilizolazwa moja juu ya nyingine, chini ya kila upande, upime kwa futi mpaka chuma kifikie sentimita 22 kutoka sakafuni. Matofali yenye matundu usiyatumie, hupasuka. Simama chuma kikiwa juu ya kamba za viatu, peleka makalio nyuma, shika, vuta mabega chini kama unayeficha kwapa, halafu isukume sakafu kwa miguu. Chuma kipande kikikwangua miguu. Kikienda mbele kwa upana wa vidole vitatu tu, kiuno ndicho kitakacholipa.

Kusukuma, kuvuta na kubeba havina fumbo kubwa. Juu ya kichwa anza na dambeli za kilo 4 hadi 6 kila mkono kabla ya chuma kirefu. Ukilala kwenye benchi peke yako bila mtu wa kukushikia, tumia dambeli. Na ikibidi chuma kirefu, usifunge vibano vya pembeni, ili ukikwama ukiinamishe upande mmoja sahani zidondoke. Kelele itakuwepo. Wacha iwepo.

Pumzi isisahaulike: vuta kabla ya kushuka, kaza tumbo kana kwamba mtoto anataka kukurukia, toa unapopita pale pagumu. Na hapa kuna jambo ambalo wanawake husemezana kwa sauti ya chini: mkojo kuponyoka wakati wa kuinua. Hutokea kwa waliozaa na hata wasiozaa. Si aibu, wala si kitu cha kuvumilia. Punguza mzigo, toa pumzi mapema unapoanza kuinuka, usiibane, na umwone mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini akufundishe kukaza na kulegeza misuli ya chini ya nyonga. Ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, acha kuinua mpaka upimwe. Aliyejifungua amalize arobaini yake kwanza, desturi yetu inakaribiana sana na wiki sita za kliniki. Aanze kwa pumzi na kuchuchumaa bila mzigo. Aliyepasuliwa asubiri zaidi, wiki 12 au kadiri daktari atakavyosema, ndipo ashike chuma kirefu. Siku za hedhi unaweza kufanya mazoezi. Ukiona unaishiwa pumzi kwa mzigo uliokuwa mwepesi, na ngazi za nyumbani zinakuchosha, kapime damu kabla ya kujiita mvivu.

Akina mama wa mtaani watasema vyuma huharibu kizazi. Wanasema kwa mapenzi, kwa hiyo wajibiwe kwa adabu: "Mama, dumu la kisimani ni zito kuliko hiki ninachoinua, na hiki nakiinua kwa kipimo." Kwa mwanamke mzima asiye na tatizo la kizazi, mzigo unaopanda polepole hauharibu chochote. Na mifupa hufaidika: watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wanawake waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua uimara, walioinua mizigo mizito chini ya usimamizi dakika 30 mara mbili kwa wiki kwa miezi minane, na mifupa ya uti wa mgongo wao ikaongezeka uimara. Kwa hiyo bibi wa miaka 60 ana haki ya jimu kuliko kijana wa 20.

Na lile la kwamba mwanamke akiinua vyuma atakuwa kama dume? Homoni inayojenga misuli minene ya kiume iko kwa mwanamume zaidi ya mara 10 ya kiasi kilicho kwa mwanamke. Hutaamka siku moja ukakuta mabega usiyoyaomba. Anayesema hivyo amewaona wanawake wa mashindano, wenye miaka ya mazoezi na lishe ya kupimwa nyuma yao, akadhani ni kazi ya wiki mbili.

Daftari nunua kabla ya viatu. La shule linatosha. Kila ukurasa: tarehe, zoezi, kilo pamoja na uzito wa chuma, seti, marudio, na neno moja kuhusu usingizi. Kazi yake ya kwanza ni kumbukumbu, maana hakuna akumbukaye kilo za Jumatano iliyopita. Kazi yake ya pili inaonekana kuanzia siku ya kwanza: mtu aliye na daftari hushauriwa na wachache. Wale wanaotembea wakirekebisha kila mwanamke hutafuta aliyesimama akitazama huku na huku.

Mmoja wao akija hata hivyo, usinyamaze ukatabasamu, atalichukua tabasamu kuwa mwaliko. Sema mapema na kwa ufupi: "Shukran kaka, nimebakiza seti mbili, nina programu yangu." Kisha geuka ushike chuma. Usieleze programu ni ya nani wala kwa nini. Maelezo ni mlango. Anayeng'ang'ania mashine akichezea simu muulize, "Kaka, umebakiza seti ngapi? Tupokezane basi." Kupokezana ni haki ya kila aliyelipa, na wengi hukubali mara moja, kwa kuwa hawakuwahi kufikiri kwamba unaitaka. Ajabu ni kwamba wale wenye misuli mikubwa kabisa mara nyingi ndio wapole zaidi; wamekaa na vyuma miaka mingi, wanajua kila mtu alianza wapi. Wanaotia maneno huwa wale wa miezi sita.

Kuna ushauri ulio wa kweli pia, na usiukatae kwa hasira ya ule mwingine. Pima hivi: ushauri wa kweli hutaja sehemu moja ya mwili na jambo moja la kufanya, "sukuma magoti nje," na hauhitaji mkono juu yako. Ule wa uongo husema "si hivyo, ngoja nikuonyeshe," na mkono umeshafika kiunoni. Kwa hiyo kubaliana na mwalimu siku ya kwanza, mbele ya mtu wa mapokezi: "Mwalimu, nionyeshe kwa mwili wako mwenyewe, mimi sishikwi." Mwalimu mzuri hutumia ufagio: huuegemeza mgongoni mwako uguse kisogo, mgongo wa juu na kifandugu, na ukiachana na mojawapo unajua umepinda. Asiyeweza kufundisha bila kushika bado hajajua kufundisha.

Simu inayokuelekea usiipuuze. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura yako ni data yako: jimu haina ruhusa ya kukuweka kwenye matangazo yake bila ridhaa yako. Kwenye fomu ya kujiunga tafuta mstari wa picha, andika "sikubali" na uweke sahihi kando yake. Anayerekodi mazoezi yake mwambie ageuze simu, na ukijibiwa vibaya peleka kwa mwenye jimu siku hiyohiyo, ukitaja saa na mahali. Malalamiko yenye saa hufuatiliwa.

Mavazi nayo yana hesabu yake. Buibui na deraa havifai chini ya chuma kwa sababu ya kitambaa: pindo hunaswa na sahani wakati wa kuinua kutoka chini, na hukanyagwa unapotoka kwenye kuchuchumaa, ukaanguka nyuma na mzigo. Suruali pana yenye lastiki kifundoni na kanzu fupi ya magotini, iliyopasuliwa pembeni, hustiri na haizuii hatua. Mtandio usifungwe kwa pini hata moja. Ukilala kwenye benchi pini huingia kisogoni. Hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja, ya kitambaa kinachopitisha hewa, ncha zake zikitiwa ndani ya kanzu, inatosha. Mwaka 2011, baada ya Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, Kulsoom Abdullah, kulifikisha ombi lake, shirikisho la dunia la mchezo wa kuinua vyuma lilikubali vazi la kufunika mwili mzima, mradi waamuzi waone viwiko na magoti yakinyooka. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio 2016, Sara Ahmed wa Misri alichukua medali ya shaba katika uzani wa kilo 69 akiwa na hijabu. Anayekwambia stara na vyuma haviendi pamoja, muonyeshe picha yake.

Viatu viwe vya soli bapa na ngumu. Raba za kawaida ni bora kuliko viatu vya kukimbilia vyenye sponji, vinavyobonyea upande. Champali haziingii. Chuma kishikwe kwenye shina la vidole, kikikaa katikati ya kiganja ngozi hujikunja ikapasuka. Sugu zikwangue kwa jiwe la kusugulia miguu. Mwenye hina ya harusi avae glavu nyembamba. Na tandika leso kwenye benchi kabla ya kulala, kwa usafi wako na wa atakayefuata.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jimu ya mabati haifai baada ya adhuhuri. Njoo baada ya alfajiri au jioni, kunywa nusu lita ya maji katika saa mbili za kabla, na endelea kidogokidogo. Kizunguzungu na baridi ya ghafla mwilini ni amri ya kuacha. Ramadhani usiongeze kilo: baki na uzito uliokuwa nao, punguza seti kutoka tatu hadi mbili, na ufanye saa moja na nusu baada ya kufuturu au baada ya tarawehe.

Chakula hakihitaji makopo ya unga. Lengo zuri ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mwenye kilo 65 anataka kama gramu 104 kwa siku. Mayai matatu yana 18. Gramu 150 za samaki aliyepikwa zina karibu 35, na kwetu samaki mchana na usiku si anasa ngeni. Kikombe cha mbaazi au kunde zilizopikwa kina 11 hadi 13, bilauri ya maziwa 8. Asubuhi ongeza mbaazi, punguza hamri moja.

Asiyeweza jimu ana uwa wa nyumba yake. Madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji ni kilo 5 kila mkono. Yakijaa mchanga mkavu hufika 8. Dumu la nusu usibebe, maji yanayotikisika humvuta mtu. Kwa chuma kirefu, bomba la maji la robo tatu inchi, la mita 2, lina kama kilo 3 na unene wake unakaribiana na chuma cha wanawake. Mzigo ukizidi kilo 30 hivi nenda kwenye la inchi moja, lenye karibu kilo 5. Sahani mimina mwenyewe: kopo la rangi la lita 4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, hutoa karibu kilo 9. Toboa ncha ya bomba upitishe misumari miwili ili saruji isizunguke, lisimamishe katikati ya kopo, ngoja siku mbili ndipo umimine upande wa pili. Mchanganyiko wa pili upimwe kwa mizani uwe sawa na wa kwanza. Tofauti ya kilo moja huvuta chuma upande mmoja. Funika kwa gunia bichi siku saba. Na bila nguzo za kupumzishia, usiweke mabegani mzigo usioweza kuupandisha huko mwenyewe kutoka chini, maana hutaweza kuutua pia.

Njia ninayoiona bora kuliko zote ni wanawake sita au wanane kwenda kwa mwenye jimu pamoja na kuomba saa zao. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi jimu nyingi huwa tupu, kwa hiyo mnampa fedha kwa saa zisizomwingizia kitu. Mwambieni hivyo. Masharti yawekwe kwa maandishi: mlango ufungwe kwa ndani, kamera ya ndani izimwe, anayeshika funguo awe mwanamke. Mlipeni mwezi mzima kwa M-Pesa, kwa nambari moja, na mhifadhi ujumbe. Siku ya kwanza msiinue chochote. Leteni mizani na kopo dogo la rangi nyeupe, mpime kila chuma kirefu na kila dambeli iliyofutika, na muandike kilo zake ubavuni.